Yusufu Aliogopa Kurudi



Kila Noeli twasoma habari za Bwana wetu kukimbiziwa Misri, na mara nyingi twafunga kitabu Herode akiisha kufa. Tuendelee kidogo katika Mathayo sura ya 2. Yusufu aambiwa arudi, naye aondoka na mtoto na mama yake. Lakini asikiapo kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa babaye, aogopa. Afisa wa leo angemwambia, "Aliyekutafuta amekufa, ombi lako limekwisha." Mungu hakusema hivyo. Alimwonya katika ndoto, na mtoto akapelekwa Galilaya.

Sheria ya mataifa imefika hapo baada ya miaka mingi. Mapatano ya Wakimbizi ya 1951, na yale ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya 1969, yanakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai wake utakuwa hatarini. Na afisa akilikataa ombi, nchi nyingi zina mahakama ya kuuliza kama alikata shauri kwa haki. Penye mtoto, swali laongezeka: je, alitazamwa mtoto mwenyewe, au faili la mzazi tu?

Mama mmoja wa Tanzania aliomba hifadhi Uingereza mara tatu: mara moja kwa jina lake, mara mbili akijifanya Msomali. Zote zilikataliwa. Hatumtetei, alisema uongo. Lakini alikuwa amezaa huko watoto wawili na Mwingereza, nao ni raia wa nchi ile. Kumrudisha yeye kulikuwa karibu sawa na kuwahamisha wao. Mahakama za chini zilikubali arudishwe. Tarehe 1 Februari 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa haki mama yule. Jaji Lady Hale alieleza kwamba mema ya mtoto hutazamwa kwanza. Yaweza kushindwa na mambo mengine mazito (si kila mzazi atabaki), lakini watoto wasilaumiwe kwa kosa ambalo si lao.

Tukiri, ndugu. Twasikiapo habari kama hizi, neno la kwanza vinywani mwetu ni, "Si alidanganya? Arudi!" Twasahau nabii Ezekieli, sura ya 18, alivyowakemea watu waliodhani kwamba meno ya watoto lazima yafe ganzi kwa zabibu walizokula baba zao. Tena Mathayo hatuambii Yusufu alijibu nini alipoulizwa na watu wa Misri.

Wala tusiwanyoshee kidole Waingereza peke yao. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Ngara na Karagwe waliambiwa watoke nchini mwetu kabla mwezi haujaisha. Maelfu walishika njia ya kwenda ndani zaidi ya nchi, wakakutana na askari, wakageuzwa. Walivuka daraja la Rusumo na mikeka kichwani na watoto mgongoni. Hapakuwa na jaji wa kumwuliza kila mmoja anaogopa nini. Sisi tuliokuwa Wakristo watu wazima mwaka ule twakumbuka tuliomba nini kanisani Jumapili zile, na kama tuliwataja.