JE, KONGO IMELAANIWA?



Kuna neno linalorudi katika vinywa vya wengi hapa Uvira, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, na hata kule Makobola na Baraka: "Nchi yetu imelaaniwa." Watu wanahesabu vita vya 1996, vile vya 1998, mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020, na mateso yaliyofuata. Halafu wanasema: sisi ni uzao wa Hamu. Na wako wahubiri wanaoomba sadaka ili waivunje laana hiyo.

Tusome vizuri Mwanzo 9. Aliyelaaniwa pale ni Kanaani, si Hamu. Aliyelaani ni Nuhu, alipoamka katika ulevi wake, si Mungu. Kushi, mwana mwingine wa Hamu, hakutajwa katika laana hiyo. Wenye watumwa huko Marekani ndio walioshika sana fundisho hili, ili dhamiri zao zilale. Kwa nini sisi tulishike?

Mtu anayetazama kiwanja chake tu hudhani kwamba mvua ilimchagua yeye. Basi tuinue macho. Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walikuta biashara ya pembe na watumwa, iliyopitia Ujiji mpaka Zanzibar. Pembe zile zilivuka bahari, zikatengenezwa vibao vya piano. Mwaka 1884 na 1885 wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin kuzungumza juu ya Afrika, na hakuna Mkongomani aliyeitwa. Mwaka 1888 Dunlop alitengeneza gurudumu la upepo kwa baiskeli. Dunia ikatamani kauchu, na katika misitu ya mfalme Léopold watu wetu wakakatwa mikono. Mwaka 1914 Ujerumani ilivamia Ubelgiji, na vita vile vikafika mpaka juu ya ziwa letu: tarehe 9 Februari 1916 merikebu ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilizamishwa hapa Tanganyika. Mwaka 1945 urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilitumika katika bomu lililochoma Hiroshima. Je, watu wa Hiroshima nao ni uzao wa Hamu?

Mnaona, ndugu: mambo haya yana sababu, na sababu si laana. Mateso yetu yamefungwa pamoja na tamaa na hofu za dunia nzima.

Lakini mwingine atashangilia: "Basi kosa lote ni la wageni!" Hapana. Katika biashara ya watumwa walikuwako wakubwa wetu waliouza jirani zao. Fimbo ya Force Publique ilishikwa mara nyingi na mkono mweusi. Na katika vita vya siku zetu, waliochoma nyumba za jirani walikuwamo watu wanaokunywa maji ya ziwa hili hili. Berlin haikunituma kumchukia jirani yangu kwa sababu ya kabila lake.

Maji ya Rusizi yanatoka ziwa Kivu, mbali na sisi. Lakini mfereji ulio mbele ya nyumba yangu, nikiujaza takataka, siwezi kuishitaki Kivu.

Bwana Yesu alifundisha hivyo katika Luka 13. Alipopashwa habari za watu waliouawa, alikumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Hapo aliondoa laana. Lakini papo hapo aliwaambia wasikilizaji watubu. Hapo hakuondoa wajibu. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja.

Tazameni Papa Simon Kimbangu. Alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Oktoba mahakama ya askari ilimhukumu kifo. Mfalme Albert, ambaye nchi yake mwenyewe ilikuwa imekanyagwa na jeshi la kigeni, alibadili hukumu hiyo iwe kifungo cha maisha. Papa akakaa gerezani miaka 30, akafa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Waamini wake walihamishwa mbali na kwao. Huko wakahubiri, wala hawakulipa kisasi. Kama wangejiona wamelaaniwa, wangekaa kimya. Kama wangeona kwamba wabaya ni wageni tu, wangeshika mapanga. Mwaka 1969 Kanisa lao lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Wazazi, wafundisheni watoto maswali mawili: Dunia ilitutenda nini? Na mimi nimemtenda nini ndugu yangu? Anayeuliza la kwanza tu atajaa uchungu. Anayeuliza la pili tu ataonewa daima. Mungu alimwuliza Kaini habari za Abeli. Hakumwuliza habari za kabila lake. Swali hilo litatufikia sisi pia, na sadaka ya kuvunja laana haitalijibu.

Bwana atujalie macho ya kuona mbali na mikono ya kutenda karibu. Amina.

Ni mimi shemasi wenu, Uvira.