Vumbi na Kipini

Mfasiri na mtu anayezifufua negativu za zamani wana shughuli moja. Kila mmoja hupokea amana ya mtu asiyekuwepo, akaigeuza ipate kufahamika na wasioweza kuisoma ilivyo. Katika negativu uso ni mweusi na buibui ni jeupe. Skana huumulika utando huo kwa taa iliyomo katika kifuniko chake, kisha kompyuta ikairudisha nuru na giza mahali pake. Swali huanzia hapo: aliyekabidhiwa kugeuza, je, ana haki ya kusafisha?

Studio za pwani zimetuachia hazina kubwa ya picha nyeusi na nyeupe. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930. Huko Lamu, Omar Said Bakor alisifika kwa picha za kuunga na kupachika. Bakor hakumdanganya mtu, kwani mteja aliujua ufundi ule na kuutaka. Lakini aliyemo katika negativu ya kale hawezi tena kuulizwa.

Wengi hudhani mashine itaamua. Kwa filamu za rangi, baadhi ya skana hutumia miale ya infraredi, ambayo hupenya rangi lakini huzuiwa na vumbi. Ndivyo vumbi linavyojulikana na kufutwa. Filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, picha yake ni chembe za fedha, na fedha huizuia miale hiyo kama vumbi liizuiavyo. Mbele ya mashine, shavu la bibi na uchafu wa sandukuni ni kitu kimoja. Kupambanua kunabaki kuwa kazi ya binadamu.

Hapa Sinza, jirani yangu aliniletea negativu ya bibi yake, iliyopigwa Unguja. Upande wa kuilaza niliujua kwa jina la kanga: maandishi yakisomeka kinyume, filamu imepinduliwa. Ila kando ya pua palikuwa na nukta nyeupe. Vumbi likikaa juu ya negativu huzuia mwanga, na picha ikigeuzwa huonekana nukta nyeupe. Kipini kinachometa nacho huonekana vivyo hivyo. "Mwalimu, futa doa hilo, bibi apendeze," aliniambia. Niliipuliza filamu na kuiskani tena, nukta haikuhama. Mama yake alisema bibi hakutoga pua maishani mwake. Mama yake mkubwa alikikumbuka kipini.

Kanuni, kwa maoni yangu, ni hii: tuondoe kilichoingia baada ya picha kupigwa, tusiguse kilichokuwepo siku ile, na pasipo yakini, tuache. Mpinzani atasema kwamba kuacha nako ni kuamua, maana huenda tukamzulia marehemu pambo asilokuwa nalo. Ni kweli. Lakini makosa haya mawili hayalingani uzito. Vumbi lililoachwa, mjuzi zaidi ataweza kulifuta kesho. Kipini kilichofutwa, filamu ikishaoza na nakala zikishaenea, hakirudi tena.

Nukta niliiacha. Jirani hakufurahi, nami sikumlaumu. Aliyempenda marehemu hutaka kumwona bila doa. Hata hivyo, upendo hautupi ruhusa ya kumsahihisha aliyekwisha nyamaza. Mfasiri akikuta neno asilolielewa hana haki ya kuliruka ili shairi litiririke. Huliweka, akamwachia msomaji mwenye elimu zaidi.