Msitu na Mwenyewe

Kumiliki ni neno jepesi kulitamka kuliko kulieleza. Mtu husema "kalamu yangu", "ng'ombe wangu", "mke wangu", "Mungu wangu", na kivumishi hicho kimoja hubeba mizigo minne isiyofanana hata kidogo. Kalamu naweza kuivunja nikipenda. Ng'ombe naweza kumchinja, lakini si kumtesa. Mke si mali bali ni ahadi. Na katika lile la nne, mimi ndimi ninayemilikiwa. Swali nitakalo kulichungua ni hili: mtu asemapo "msitu wangu", hutumia "-angu" ya namna gani?

Swali hili halikunijia vitabuni. Lilinijia Kasanga, nchi aliyozaliwa mama yangu, pale uwanda wa juu wa Ufipa unapokatika ghafula na kuporomokea Ziwa Tanganyika. Mtu mmoja alinipelekea habari kuwa anauza shamba lake. Upande wa juu lilikuwa na mihogo. Upande wa chini lilitelemkia kijito, na huko palikuwa na msitu: kwanza miombo na mininga, kisha, ukingoni mwa maji, mikuyu minene iliyoinama kana kwamba inasikiliza. Muuzaji hakusukumwa na tamaa. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya chuo na ada haikutimia. Akanieleza waziwazi: "Mwalimu, usiponunua wewe atanunua mchoma makaa. Amekwisha kuja mara mbili."

Nakiri kuwa niliupenda ule msitu kabla sijamaliza kuuzunguka. Nilijiona uzeeni nimeketi chini ya mkuyu na kitabu mkononi. Utetezi wangu nao ulikuwa tayari, kama utetezi wa mtu atakaye jambo uwavyo tayari siku zote: sinunui ili nikate, nanunua ili usikatwe. Ni hoja nzuri, na kwa kuwa ni nzuri yapasa itazamwe kwa makini zaidi, maana hoja mbaya hazimdanganyi mtu mwenye elimu. Hudanganywa na zile nzuri.

Tulifuatana na mzee mmoja jirani aliyeitwa kushuhudia mipaka. Tulipofika majini akaniuliza, "Mwanangu, unanunua miti, au kivuli, au njia?" Nikacheka; yeye hakucheka. Akanionyesha njia nyembamba ya wanawake wachotao maji, ikipita katikati ya nilichokuwa nimeanza kukiita changu. Akanionyesha mizinga ya nyuki iliyotundikwa matawini, na mwenye mizinga hiyo hakuwa mwenye shamba. Akataja mahali uyoga unapochumwa mvua za kwanza zinyeshapo, na mti ambao waganga huchimba mizizi yake. Muuzaji alisimama kimya. Hakuwa amenificha neno; mambo hayo kwake hayakuwa sehemu ya bei, kama vile upepo usivyokuwa sehemu ya bei.

Uingereza jambo hili hufanyika kila siku. Mtu wa mjini aliyechoka na kelele huweza kununua ekari chache za msitu kando ya mto, akapewa hati, akaweka lango na kufuli. Hata huko, lakini, msomaji akiichunguza hati ataona kuwa "-angu" yake ina matundu. Mwenye ukingo huhesabiwa kuwa mwenye sakafu ya mto hadi katikati yake, lakini maji yapitayo si yake. Ana haki ya kuyatumia kwa kiasi, na jirani wa chini ana haki ya kuyapokea. Kwa sheria ya misitu ya 1967, hawezi kukata zaidi ya mita 5 za ujazo za miti katika kila robo ya mwaka pasipo leseni, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Nyumba ya kukaa haijengi humo bila idhini, na idhini hiyo ni adimu. Tena wanasheria wa huko humwambia kuwa kwa asili ya sheria yao, ardhi yote hushikwa kutoka kwa Mfalme, na raia ana milki tu, ijapokuwa milki isiyo na kikomo cha wakati. Amebakiwa na nini basi? Amebakiwa na lango. Anaweza kumzuia mwenzake asiingie. Sheria ya 2000 iliwafungulia watu wa Uingereza na Wales milima, nyika na ardhi za jumuiya zilizoandikishwa, lakini misitu kwa jumla haikufunguliwa. Uskoti, chini ya mfalme huyo huyo, sheria ya 2003 ilimpa kila mtu ruhusa ya kupita karibu kila mahali maadamu apite kwa adabu. Miti ya pande hizo mbili haijui tofauti hiyo. Basi haki ya kuzuia haitoki katika tabia ya msitu. Imetoka katika tabia ya watu.

Kwetu mambo yalichukua njia nyingine, wala njia hiyo haikuanza kwa wema. Tarehe 26 Novemba 1895, amri ya Kaizari wa Ujerumani ilitangaza kuwa ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya serikali. Magofu ya boma lao yangalipo Kasanga, mahali walipopaita Bismarckburg. Waingereza, kwa sheria yao ya 1923, wakaifanya ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1958, Julius Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa akipinga ardhi kufanywa bidhaa ya kuuzwa milele. Alihofu kuwa nchi ikiingia sokoni, wachache wenye fedha wataitwaa, na walio wengi watageuka wapangaji katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1963 milki za milele zilizokuwapo zikageuzwa kuwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodishaji huo nao ukafanywa haki ya kutumia tu. Sheria za ardhi za 1999 zimeshika shina hilo hilo: ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia. Tume iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyofanya kazi yake mwaka 1991 na 1992, ilitaka mamlaka ya mwisho juu ya ardhi ya vijiji yawe mikononi mwa mikutano ya vijiji yenyewe. Shauri hilo halikukubaliwa. Mimi naona lilistahili kukubaliwa, maana mdhamini akaaye mbali hujua ramani, na ramani haionyeshi mizinga.

Kwa hiyo hapana mtu anunuaye ardhi kwetu, ingawa kila mtu husema amenunua. Hununuliwa mihogo, nyumba, jasho, na nafasi ya kusimama mahali aliposimama mwenzako, kwa idhini ya halmashauri ya kijiji. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hukataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Nilipopima kwa hatua kutoka kwenye maji, nilikuta kuwa mikuyu yote, kivuli chote, na jiwe nililokwisha kujichagulia kuwa kiti changu vimo ndani ya mita hizo. Uzuri wote uliokuwa umenivuta ulikuwa katika sehemu ambayo sikuweza kuijengea wala kuilima. Kilichokuwa kikiuzwa kwa hakika ni mihogo.

Sheria, walakini, haimalizi swali la haki. Huliweka tu mahali petu pa kuanzia. Mwingereza John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alifundisha kuwa kitu kisicho na mwenyewe huwa cha mtu achanganyaye kazi yake nacho, maadamu awaachie wengine cha kutosha na kizuri vilevile. Wakulima wa Ufipa wangemwelewa upesi. Huko juu, ambako miti imekuwa haba kwa muda mrefu, hufukia majani chini ya matuta ya mviringo yakaoza na kuwa mbolea, na atazamaye tuta hilo haulizi ni la nani, kwa kuwa jembe limekwisha kujibu. Lakini hoja hiyo ikishuka msituni hupinduka juu chini. Msitu nilioutamani ulikuwa na thamani kwangu kwa sababu hapana aliyechanganya kazi yake nao. Kwa kipimo cha Locke, mchoma makaa ana dai lenye nguvu kuliko langu: yeye angetoka jasho, na mimi ningeketi. Je, yawezekana kuwa haki imkubali aharibuye na kumkataa atunzaye? Nadhani kosa limo katika kudhani kuwa kutunza si kazi. Lakini nikikubali kuwa kutunza ni kazi, hapo hapo nanaswa, maana waliokuwa wameutunza msitu ule si mimi. Ni mwenye mizinga, asiyetaka mti wake ukatwe. Ni wanawake, wasiotaka kijito kikauke. Na ni muuzaji mwenyewe, aliyelima mihogo juu miaka yote asishuke na shoka. Nilifika mwisho nikiwa na fedha, nikajiita mlinzi.

Si mbali na hapo, Mto Kalambo, unaoigawa Tanzania na Zambia, huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja kabla ya kuingia ziwani. Juu ya maporomoko hayo Desmond Clark alianza kuchimbua mambo ya kale mwaka 1953. Mwaka 2023, Larry Barham na wenzake walitangaza kuwa wamekuta huko, upande wa Zambia, magogo mawili, moja juu ya jingine, yaliyochongwa kwa mkono na kuunganishwa kwa pengo lililokatwa, yakiwa na umri usiopungua miaka 476,000. Waliochonga hawakuwa hata wa jinsi yetu ya binadamu. Sisi tulikuwa hatujatokea. Mtu akitafuta mwenye msitu wa kwanza kando ya mto katika nchi hizi, na aanze na hao. Nataja jambo hilo si kwa kustaajabisha, bali kwa sababu hunipunguzia kiburi. Hati ya miaka 99 mbele ya magogo hayo ni kama tiketi ya basi.

Masimulizi ya Wafipa yana habari ambayo naiona ya karibu zaidi na shauri langu. Yasema kuwa mfalme wa kale wa Milansi alikuwa amekwenda mbali, na wanawake wageni wakaja wakakalia kiti chake kwa hila, na nchi ikawa yao. Aliporudi hakupigana. Walipatana: wageni washike utawala, naye akabaki na mlima wa Itwelele na heshima ya ibada ya nchi. Roy Willis, aliyeandika sana juu ya Ufipa, aliona katika habari hii namna mbili za mamlaka zilizokubaliana kuishi pamoja. Mimi huona pia namna mbili za "-angu". Mmoja alipata nchi ya kuitawala. Mwingine alibaki na mlima ambao hauna faida ila kwamba nchi yote huutazama. Nani kati yao alikuwa mwenyewe? Wafipa, kwa busara yao, hawakulijibu swali hilo. Waliwaacha wote wawili.

Nilirudi kwa muuzaji nikamweleza habari za mita 60, na kwamba sehemu niliyoitaka haiuziki. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mchoma makaa hatauliza habari za mita." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mtu aweza kuyasafisha mawazo yake hata yakang'aa, na msitu ukaungua huku akiyasafisha. Ipo staha ambayo ni woga uliovaa kanzu, na sikuweza kujua kwa yakini kama yangu haikuwa hiyo.

Nilinunua shamba la mihogo, kwa bei aliyokuwa ametaka kwa shamba na msitu pamoja, na ada ya binti ikalipwa. Mbele ya halmashauri ya kijiji tuliandika kuwa njia ya maji haifungwi, na mizinga haiondolewi. Juu ya msitu wa chini, nilitoa shauri utengwe kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, kama Sheria ya Misitu ya 2002 inavyoruhusu. Mkutano ukagombana. Wenye mizinga walitaka. Wengine waliuliza mwalimu ana nini na msitu asiounua. Kijana mmoja akauliza, kwa haki kabisa, nani atawalipa walinzi. Tukaahirisha, na nijuavyo shauri hilo lingali limeahirishwa.

Nilipopita tena baada ya mvua, mizinga ilikuwa matawini. Palikuwa na kisiki kimoja kipya cha mninga, kikitoa utomvu wake mwekundu. Nikamwendea yule mzee kwa hasira nikamwuliza kama anamjua aliyeukata.

"Ni mimi," akasema. "Mwanangu anaoa. Nyumba haikuwa na mlango."