Mzee Aliyenyamaza

Mzee mmoja wa Kibosho, miaka sabini na ushee, aliteleza ukingoni mwa mfereji kihambani kwake wakati wa masika, akajigonga kichwa kwenye gogo. Hakuzimia. Alijipangusa matope, akaendelea kukata majani ya ng'ombe. Wiki ya tano akawa mtu mwingine: haongei mpaka aongeleshwe, anaburuza mguu wa kushoto, anajikojolea wala hajali.

Watoto wakamshusha Moshi mjini kwa mwanasaikolojia mwenye sifa njema, hodari wa kusikiliza. Alipoambiwa kwamba mzee alifiwa na mdogo wake mwaka uliotangulia, akaandika sonona na kupanga vikao vya kila wiki. Mzee akawa anakuja, anakaa, anatazama ukuta.

Inauma, maana dalili zilikuwa mbele ya macho. Mwenye sonona kwa kawaida huumia. Huyu hakuonyesha uchungu wowote. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomsukuma mtu aanze kusema na kutenda, nayo husaidia kuzuia mkojo. Ikikandamizwa, yote hayo huweza kulegea kwa pamoja. Halafu ule mguu: upande wa kulia wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kushoto. Uzeeni ubongo husinyaa, na vishipa vya damu vinavyovuka kutoka kwenye ubongo hadi utando wa chini ya fuvu huvutika. Pigo dogo tu huweza kukipasua kimoja, damu ikakusanyika polepole kwa majuma na kuukandamiza ubongo.

Elimu hii haiko ng'ambo. Daktari William Howlett wa hospitali ya KCMC, hapa hapa Moshi, alitoa mwaka 2012 kitabu kizima kuhusu magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu barani Afrika.

Aliyegundua ni muuguzi, jirani yao. Alimwambia mzee anyooshe mikono yote miwili, viganja juu, afumbe macho. Wa kushoto ukashuka wenyewe, kiganja kikipinduka. Kipimo cha CT kikaonyesha damu upande wa kulia. Fuvu likatobolewa, ikatoka nyeusi kama oili chafu ya gari. Siku chache baadaye mzee akauliza ng'ombe wamekula nini.

Mkono haukurudi wote. Kahawa sasa anaipogoa mjukuu. Mkewe alipoulizwa mbona hakumtajia mtaalamu habari za mfereji, alijibu, "Kila wiki alituuliza habari za msiba tu, mwanangu. Tukajua ndicho anachotaka."