Kubisha Hodi kwa Aliyekuhukumu

Miongoni mwa mambo ya sheria yanayomtatiza mtu wa kawaida, moja limenishughulisha sana: kwamba aliyeshindwa kesi hulazimika, mara nyingine, kumwomba jaji yule yule aliyemhukumu ruhusa ya kwenda kumlalamikia mbele ya wakubwa wake. Wahenga wetu walikwisha kutuonya kuhusu kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Je, utaratibu huu ni haki, au ni kuidhihaki haki?

Tuchukue mfano. Mwezi Januari 2010 Serikali ya Nigeria ilitia saini mkataba wa miaka 20 na kampuni iitwayo Process & Industrial Developments. Serikali ingeleta gesi, na kampuni ingejenga mtambo wa kuisafisha ili izalishe umeme. Gesi haikuletwa, wala mtambo haukujengwa. Kampuni ikadai fidia, na mwezi Januari 2017 wasuluhishi mjini London wakaiamuru Nigeria ilipe dola bilioni 6.6 pamoja na riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Msomaji akipiga hesabu ataona kuwa riba peke yake ilipita dola milioni moja kila siku. Kufikia 2023 deni lilikuwa limevuka dola bilioni 11.

Muda wa kuupinga uamuzi huo ulikuwa siku 28, na Nigeria ilichelewa kwa miaka. Hata hivyo, mwezi Septemba 2020 mahakama iliiruhusu ipinge nje ya muda, kwa kuwa ilileta dalili nzito za udanganyifu. Tarehe 23 Oktoba 2023 Jaji Robin Knowles akaamua kwamba tuzo ile ilipatikana kwa hila: kulikuwa na hongo, kulikuwa na ushahidi wa uongo, na kampuni ilikuwa imeshika nyaraka za siri za kisheria za Nigeria. Sasa ikawa zamu ya kampuni kuomba ruhusa ya kukata rufaa. Katika mashauri ya namna hiyo, sheria ya Uingereza ya 1996 inataka ruhusa itoke katika mahakama ile ile iliyotoa hukumu. Mwezi Desemba ruhusa ikakataliwa.

Nilifurahi, sikatai. Fedha zile zilikuwa shule na zahanati za Wanigeria. Lakini furaha si hoja. Lango likimzuia mwizi leo, hilo halithibitishi kwamba limejengwa vizuri. Kesho laweza kumzuia mwenye mali.

Ipo sababu njema ya kuweka lango. Pasipo lango, mwenye fedha atakata rufaa baada ya rufaa mpaka maskini achoke, na haki igeuke kuwa mashindano ya pumzi. Kila ugomvi sharti uwe na mwisho. Tena jaji haulizwi, "Je, ulikosea?" Hilo ni gumu kwa mwanadamu yeyote. Anaulizwa, "Je, mtu mwenye akili timamu angeweza kuliona jambo hili vingine?" Mtu mwadilifu anaweza kujibu swali hilo bila kuikana hukumu yake.

Anaweza, nasema, sisemi kwamba ataweza daima. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, barua ya mkufunzi kwenda wizarani iliandikwa "Kupitia kwa Mkuu wa Chuo," hata kama aliyelalamikiwa ni mkuu mwenyewe. Utaratibu huo sikuuona kuwa mbaya, kwa sababu wajibu wangu ulikuwa kuipitisha barua na kuandika maoni yangu. Kuizuia haikuwa kazi yangu. Wakubwa walisoma maneno ya pande zote mbili, kisha wakaamua. Kuna tofauti kubwa kati ya mpitishaji na mfunga mlango.

Hapa kwetu Tanzania, kwa miaka mingi, mashauri mengi ya madai yalihitaji ruhusa kabla ya kufika Mahakama ya Rufani. Mwombaji aliyekataliwa na Mahakama Kuu aliweza kubisha hodi mara ya pili, kwa Mahakama ya Rufani yenyewe. Mwaka ule ule wa 2023 sheria yetu ikaliondoa sharti hilo katika mashauri ya madai. Nchi mbili, basi, zimejibu swali moja kwa njia mbili: moja inamwachia mlinzi mmoja ufunguo, nyingine imeng'oa lango.

Mimi ningechagua njia ya kati. Mwombaji abishe hodi kwanza kwa aliyemhukumu, naye ajibu upesi na kwa sababu zilizoandikwa. Akikataliwa, awepo mtu mwingine, asiye na la kutetea, wa kuzisoma sababu hizo. Hata mlaghai apewe nafasi hiyo. Simwonei huruma mlaghai. Nasema hivyo kwa sababu, kabla mlango haujafunguliwa, mlaghai na mwenye haki hubisha hodi kwa sauti moja.