Mizani na Jicho la Mwalimu

Saa nane na nusu, kabla mvua ya Kericho haijashuka, darasa linatoka kwenda uwanjani. Mwalimu anapuliza firimbi: wavulana mizunguko mitano, wasichana miwili. Hana nia mbaya, anawahurumia. Wasichana wanamaliza yao, wanafunga sweta kiunoni na kukaa ukingoni. Muhula ukiisha anasema wasichana hawana pumzi. Ni kweli, hawana. Nani angeipata kwa mizunguko miwili?

Hapo ndipo matarajio yanaponitatiza. Huja yamevaa kanzu ya ujuzi: "Hawa nawajua." Lakini kumjua mtoto ni kumfuata alivyo. Kumtarajia ni kumtangulia, ukamfyekea njia, kisha ukashangaa mbona hapiti kwingine.

Ng'ambo ya ua wa shule, mama wa mmoja wa wasichana hao anapanda mteremko na kikapu cha majani mabichi mgongoni, kuelekea kituo cha kununulia chai. Karani anasoma kilo. Mizani haijali kama kikapu kimebebwa na mume au mke, na kupimwa hakuongezi jani wala hakupunguzi. Jicho la mwalimu ni mizani ya ajabu: likitazama tu, uzito unabadilika.

Na si shuleni tu. Wilson Kiprugut, mwana wa Kericho, aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo 1964. Mwanamke wa kwanza Mkenya kupata medali hiyo, Pauline Konga, alisubiri hadi Atlanta 1996. Miaka 32! Mapafu hayakuchelewa kuumbwa. Mita 5,000 alizokimbia Konga, wanawake waliruhusiwa kuzikimbia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka huohuo.

Jirani na Bomet, kule Keringet, Faith Kipyegon alikuwa msichana wa kandanda hadi alipokimbia kilomita moja katika kipindi cha michezo shuleni, akawaacha wenzake kwa mita 20. Leo ana dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1,500. Wengi humtaja kuthibitisha kwamba mlango uko wazi. Sikubali. Asiyekuwa bingwa naye anastahili mizunguko yake mitano.

Na yupo mvulana wa mzunguko wa nne, kichomi kimembana ubavuni, hathubutu kwenda kukaa. Anawatazama wasichana kwa wivu. Mmoja wao anautazama uwanja kwa wivu uleule. Mvua inaanguka. Wote wanatimka kuelekea darasani, na mwalimu, kajifunika daftari kichwani, haoni nani ametangulia.