Mtoto Mgonjwa ni wa Nani?



Kuna swali ambalo kila mtu hudhani anajua jibu lake mpaka siku atakapoulizwa: Mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu ni wa nani? Mama atajibu, "Ni wangu." Jamaa za baba watasema, "Ni wa ukoo wetu." Mwuguzi wa kituo cha afya atasema, "Ni mgonjwa wangu," na daktari wa hospitali atasema vivyo hivyo. Mwalimu naye atasema, "Ni mwanafunzi wangu." Wote wasema kweli. Lakini mara nyingi twaona ya kuwa mtoto huyu wa watu wengi hukosa mtu hata mmoja siku ile anapokuwa na shida. Yafaa basi tufikiri pamoja: mtu akiisha kutimiza sehemu yake, je, wajibu wake umekwisha?

Tusizungumze hewani. Twende Salamabila, ambayo wengine huiandika Saramabila, katika Kabambare, kusini mwa Maniema. Ni mahali pa dhahabu, karibu na machimbo ya Namoya. Watu wake ni wachimbaji, wachuuzi, wakulima, na wengi waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya vita. Kampuni kubwa iliyochimba Namoya ilisimamisha kazi mwaka 2019, baada ya mashambulio ya watu wenye silaha. Barabara ya kwenda Kasongo ni mbovu, tena pengine ni ya hatari. Mgonjwa husafiri kwa pikipiki, na mama humshika mtoto wake katikati, yeye nyuma na dereva mbele.

Sasa tuseme kuna mtoto wa miaka mitatu katika mji huo, mwenye ugonjwa wa damu ambao Wakongo huuita SS, na Watanzania huuita selimundu. Katika Kongo, mtoto mmoja au wawili katika kila watoto 100 huzaliwa nao. Baba na mama ni wazima, lakini kila mmoja ana mbegu moja ya ugonjwa katika damu yake. Na kwa kila mimba, kuna bahati moja katika nne ya kuzaliwa mtoto mgonjwa. Alipozaliwa hakuonyesha dalili yoyote. Baada ya miezi kadha mikono na miguu ilivimba, macho yakawa ya manjano, akalia usiku kwa maumivu ya mifupa, na damu ikampungukia.

Mtoto huyu ahitaji nini? Ahitaji vidonge vya foliki vya kusaidia damu, penisilini asubuhi na jioni mpaka atimize miaka mitano, chanjo zote, chandarua, maana malaria kwake ni adui mkubwa, na maji ya kunywa ya kutosha. Akipata homa, apelekwe siku ileile, asingojee kesho. Pengine atahitaji kuongezewa damu, na damu hiyo ipimwe kwanza. Atakapoingia shule, mwalimu asimkimbize juani wala asimpige kwa uvivu, kwa maana si uvivu.

Angalieni vema orodha hiyo. Hakuna hata jambo moja linalohitaji fundi wa ajabu. Lakini hakuna mtu mmoja anayeweza kuyafanya yote. Vidonge viko kituoni, damu iko hospitali, chanjo ina siku yake, chandarua kiko nyumbani, jua liko shuleni. Mtoto ni mmoja, lakini matunzo yake yamegawanyika mahali patano. Na kifo hupenda kupita katika nafasi iliyopo kati ya mahali na mahali. Daktari alimtibu vizuri, akamrudisha nyumbani bila barua. Mwuguzi wa kituo hakujua alichopewa. Mama aliambiwa jina la dawa kwa Kifaransa, akalisahau. Baba alikuwa shimoni anatafuta dhahabu. Homa ilipokuja, kila mtu alidhani mwenzake anajua. Ukiwauliza mmoja mmoja, hakuna aliyekosa. Hata hivyo mtoto amekufa.

Hapa ndipo penye swali letu. Wahenga walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tena walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mithali ya kwanza yatuonya juu ya watu wengi wasiopatana. Ya pili yatuonya juu ya moyo wa mtu: mzigo nisioubeba mimi, naudhani ni mwepesi. Daktari hudhani ni kazi ndogo kwa mama kurudi baada ya mwezi mmoja. Yeye hakuipanda ile pikipiki. Mama naye hudhani ni kazi ndogo kwa daktari kumkumbuka mtoto wake. Yeye hakuona wagonjwa wote waliopanga mstari nyuma yake.

Twasema basi: wajibu wa mtu anayehudumia mtoto una sehemu mbili. Ya kwanza ni kutenda kazi yake vema. Ya pili ni kuhakikisha ya kuwa yule anayempokea mtoto baada yake amempokea kweli, tena anajua la kufanya. Aliyetimiza ya kwanza na kuiacha ya pili ametimiza nusu. Wapigambio wa kupokezana kijiti hujua jambo hilo: hata ukikimbia kama upepo, kijiti kikianguka kati ya mikono miwili, hakuna atakayeuliza mbio zako zilikuwaje.

Wengine watasema, "Maneno mazuri, lakini hayo ni ya Ulaya." Sivyo. Somo hilo lilijaribiwa katika Kasongo yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Kongo na wa Ubelgiji, wakishirikiana na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, walianza kupanga upya kazi ya afya huko. Hawakuanza kwa kujenga hospitali kubwa zaidi. Waliweka vituo vya afya karibu na watu, chini ya wauguzi, na hospitali ikafanya yale tu ambayo kituo hakiwezi. Mgonjwa alikuwa na karatasi zake katika kituo chake. Alipopelekwa hospitali alikwenda na barua, na aliporudi alirudi na barua. Wenye ugonjwa wa muda mrefu waliwekewa sanduku la kadi, zimepangwa kwa tarehe za kurudi. Siku ikipita na kadi bado iko pale pale, mwuguzi alijua: fulani hakuja, yafaa atafutwe. Wananchi nao walikuwa na kamati ya kusemezana na wauguzi.

Sanduku la kadi ni kitu kidogo sana. Lakini ndani yake mna fundisho kubwa la adili: mgonjwa asiyekuja bado ni mgonjwa wetu. Kituo kisicho na sanduku hilo chamjua tu yule aliyesimama mlangoni. Mawazo ya Kasongo, pamoja na ya mahali pengine nchini, yalisaidia kuunda zone za afya za Kongo. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubali ya kuwa afya ianzie karibu na watu. Katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zone 306. Leo ziko 519. Maniema ina 18, na Kasongo, Kabambare na Salamabila kila moja ni zone.

Kuna jambo jingine la Kasongo linalofaa kufikiriwa. Mwaka 1981 madaktari wale waliandika katika Lancet, gazeti la waganga litolewalo London, juu ya watoto waliochanjwa surua. Waliuliza: je, mtoto aliyeokolewa na surua hataondolewa baadaye na ugonjwa mwingine, ikiwa maisha yake hayakubadilika? Wataalamu wengine walibishana nao sana, na uchunguzi wa baadaye umeonyesha ya kuwa chanjo ya surua huokoa watoto kweli kweli; mzazi yeyote asisite kumchanja mtoto wake. Hata hivyo swali lao lina funzo. Mtoto si ugonjwa mmoja. Si surua leo, malaria kesho na SS kesho kutwa, kila moja na mtu wake. Ni mtoto mmoja mwenye jina, na yuleyule aliyechanjwa ndiye atakayelala bila chandarua.

Sasa twaja kwenye pingamizi kubwa zaidi, ambalo si haki kulikwepa. Msomaji mwenye busara atasema: "Katika nchi ambamo watoto wengi hufa kwa malaria na kuhara, je, ni haki kutumia fedha na siku nyingi kwa mtoto mmoja asiyeweza kupona? Je, si afadhali kuwasaidia kumi watakaopona?"

Swali hilo si la mtu mbaya. Mwuguzi mwenye sanduku moja la dawa hulazimika kuchagua, na hatumhukumu. Lakini tuangalie mambo matatu. Kwanza, mara nyingi kisichopatikana si fedha bali mpango. Penisilini na foliki si dawa za bei kubwa. Kadhalika fenobarbitali kwa mtoto mwenye kifafa: kinachomdhuru ni dawa kukatika ghafula, kwa sababu hakuna aliyeangalia kwamba chupa inakwisha. Na mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda hunyoshwa kwa plasta kwa majuma kadha bila kupasuliwa sana. Lakini mama asipofundishwa kumvika viatu vyake vya usiku kwa miaka, mguu hurudi ulivyokuwa, na kazi yote imepotea. Kumsahau mgonjwa ndiko kunakokula mali.

Pili, neno "hawezi kupona" hubadilika. Zamani wengi walidhani dawa ya hidroksiyurea, inayotumika kwa wenye SS katika nchi tajiri, haifai Afrika kwa sababu ya malaria na utapiamlo. Ikajaribiwa kwa watoto wapatao 600 katika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Mwishoni mwa 2018 matokeo yalitangazwa: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Lakini dawa hiyo yataka damu ipimwe mara kwa mara. Pasipo watu wa kumfuata mtoto, dawa iliyopatikana haimfikii.

Tatu, ukubali ya kuwa mtoto asiyepona hastahili siku zetu, utakwama mahali gani? Mzee hapasi kuponywa uzee wake. Sote siku moja tutakuwa watu wasiopona. Jamii inayowapima watoto kwa faida itapimwa kwa mizani hiyohiyo.

Kuna na aibu ambayo hatuwezi kuinyamazia. Katika vijiji vingi, mtoto akiugua mara kwa mara, watu humtafuta mlozi. Mama hulaumiwa, pengine hufukuzwa pamoja na mtoto wake. Tumesema juu ya damu: mbegu ya SS yatoka kwa baba na mama sawasawa. Anayemlaumu mama peke yake amekosa elimu na amekosa haki. Tena amemnyang'anya mtoto mlinzi wa kwanza kati ya wote tuliowataja.

Wakristo wanajua mfano wa Msamaria. Mara nyingi twamsifu kwa huruma yake barabarani. Lakini tuutazame mwisho wa habari. Msamaria hakukaa kumwuguza yule mtu mpaka apone. Alikuwa na safari yake. Alimkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akaacha fedha, akaahidi kurudi na kulipa kilichozidi. Hakusema, "Mimi nimemaliza yangu." Huo ndio wajibu wa sehemu mbili.

Basi tufanye nini? Kila mtoto wa namna hii awe na daftari moja, likae kwa mama, na kila anayemtibu aandike humo kwa lugha ambayo mwingine anaweza kuisoma: ugonjwa, dawa, tarehe ya kurudi, na hatari za kukimbilia hospitali. Pawe na mtu mmoja ajulikanaye kwa jina, mwuguzi au mhudumu wa kijiji aitwaye reko, ambaye kazi yake ni kuuliza, "Mbona hakuja?" Jumuiya za parokia ziweke akiba kidogo ya nauli ya pikipiki, kwa sababu njia ya kwenda hospitali huanzia hapo. Mwalimu aambiwe. Baba arudi kutoka shimoni walau ajue jina la dawa ya mwanawe. Na Serikali, yenye kuweka zone na kuajiri wauguzi, isidhani ya kuwa kuandika zone katika ramani ni sawa na kumlipa mwuguzi na kuilinda barabara.

Mtoto mgonjwa ni wa nani? Ni wa kila mmoja aliyewahi kumpokea, mpaka ahakikishe ya kuwa mwingine amempokea. Asiyeweza kumtaja kwa jina huyo mwingine, bado anaye mtoto mikononi mwake.